Jiwe la Bronka

Mimi ndiye ninayechimba makaburi hapa kijijini. Nachimba pia mashimo ya miti, napogoa mawaridi na kuzibua mitaro, lakini watu wakinitaja hunitaja kwa makaburi, na sijali. Kibutzi chetu, kijiji cha Wayahudi walioamua mali yote iwe ya wote, kiko kwenye mteremko unaotazama Bonde la Yezreeli, na makaburi yako juu kabisa, kwenye misonobari, mahali penye upepo mzuri kuliko nyumba ya mtu yeyote. Tangu waasisi walipomzika mwenzao wa kwanza, mawe yetu yalikuwa ya aina moja: jiwe la kijivu, halifiki magotini, jina na miaka, basi. Katibu wa kijiji na mkamua ng'ombe, aliyerudi vitani na nishani na aliyeogopa hata kuku, wote jiwe moja. Nasema haya mapema kwa sababu habari za Bronka zinaishia huko juu, na mimi bado nina hasira nazo.

Bronka alikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, msichana kutoka Poland, katika ukoo mzima amebaki yeye. Walipomuuliza anataka kazi gani, akasema yoyote, ilimradi asiwe mkubwa wa mtu. Wakampeleka kwenye chumba cha kufulia, akakaa humo mpaka siku kilipofungwa. Hakupenda kusimulia aliyoyaona kule kwenye kambi za Wajerumani. Mara moja tu, tukikunja mashuka, alisema, "Kule walikuwa wanatupanga, Menashe. Huyu kulia, huyu kushoto. Mimi sitaki tena kuwa juu ya mtu wala chini ya mtu. Nataka mstari mmoja." Kisha akanikemea kwamba nakunja vibaya.

Siku zile hakuna aliyekuwa na shati lake. Ijumaa ukishaoga unapita dirishani kwa Bronka, anakupima mabega kwa macho, anakutupia shati. Wiki hii umelivaa wewe, wiki ijayo analivaa dereva wa trekta. Dereva huyo alikuwa Zeev, mtu mpole mwenye masikio makubwa, naye alimuoa Bronka kwa sababu, alivyokuwa akisema mwenyewe, ndiye mwanamke pekee aliyejua vipimo vyake bila kumgusa. Baadaye tulishona namba kwenye nguo, kila mtu na yake, na wazee walinung'unika kwamba ubepari umeingia kwa mlango wa kola.

Msidhani alikuwa mnyonge. Katika mkutano mmoja katibu wetu alipandisha sauti mpaka mishipa ikamsimama, akitueleza jinsi kijiji kingeanguka bila yeye. Bronka alikuwa anafuma soksi nyuma ukumbini. Hakuinua kichwa.

"Ndugu Katibu," akasema, "teremsha sauti kidogo. Suruali zako za ndani nafua mimi. Nakujua."

Ukumbi mzima ulicheka, na katibu mwenyewe akacheka, maana angefanya nini. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kuosha vyombo, akaosha.

Kisha zikaja fedha za Wajerumani, fidia kwa walionusurika. Kanuni yetu ilisema kila kinachotoka nje kinaingia hazina ya wote, urithi, zawadi, chochote. Wapo waliofungasha wakaondoka na fidia zao, na hatukuwalaumu, angalau si mbele yao. Bronka aliingia bwaloni wakati wa chakula cha jioni, akaweka hundi mbele ya katibu, kati ya saladi ya matango na sahani ya mayai.

"Chukueni," akasema. "Ila msinunue chakula, kitaliwa kiishe. Fanyeni kitu ambacho watoto wote wataingia."

Likajengwa bwawa la kuogelea. Waliotaka kubandika kibao chenye jina lake aliwakatalia. "Mkiandika Bronka, kila mtoto akitaka kuruka atakuja kuniomba ruhusa." Hakujua kuogelea na hakujifunza. Kila alasiri ya kiangazi baada ya kazi alikaa ukingoni, gauni limekunjwa, miguu majini, akitazama watoto wa watu wote wakirukaruka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sisi tuliishi kana kwamba methali hiyo ilipikwa jikoni kwetu.

Miongoni mwa watoto wale alikuwamo wa kwake, Dror. Nasema wa kwake, lakini mtoto hapa hakuwa wa mtu hivyo. Walilala wote katika nyumba ya watoto, na wazazi waliwaona alasiri mpaka saa ya kulala. Dror alikuwa mtoto wa kulialia. Jioni moja ya mvua alitoroka akiwa na nguo za kulalia, akapita matopeni peku mpaka mlangoni kwa wazazi wake. Bronka akamfuta miguu, akambusu, akambeba, akamrudisha. Zeev alimsihi amwache alale nao siku ile moja tu.

"Nikimlaza wangu," Bronka akamwambia, "mama mwingine atajiona amepunjwa."

Zeev ndiye aliyenisimulia, na alipokuwa akisimulia masikio yake yalikuwa mekundu. Alisema mkewe aliporudi alikaa kitandani bila kuvua koti hadi asubuhi. Miaka mingi baadaye nilimzika Zeev mwenyewe, nikamwekea jiwe la kijivu kama la wenzake, na pembeni nikaacha nafasi ya mkewe.

Dror alikua mtu hodari. Kijiji kilimsomesha uhandisi, akarudi akawa meneja wa kiwanda chetu cha mabomba ya plastiki. Kilimo cha pamba kilipotutupa na madeni yakatukaba, ni mabomba yale yaliyotulisha, hilo silipingi. Alifika kazini kabla ya wote na kuondoka baada ya wote, na posho yake ilikuwa sawa na yangu mimi niliyekuwa nabishana na fuko kwenye mawaridi.

Ndipo yakaja yale waliyoyaita mabadiliko. Waliita mtaalamu kutoka mjini, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyetueleza kwamba kila kazi ina bei yake sokoni na kila mtu alipwe bei hiyo. Aliyempigia makofi kuliko wote alikuwa Hanoch, mhasibu wetu, mtu mwembamba aliyependa kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Ili jambo lipite zilihitajika robo tatu za kura, na kila mtu alijua zitapatikana kwa tabu.

Jumamosi kabla ya kura Bronka aliniita kibarazani kwake nile samaki wa chumvi. Wakati huo alikuwa bibi kizee, mgongo umeinama, ila kila asubuhi alikuwa bado anakwenda kufua. Hatujamaliza mkate, akaja Dror, akavuta kiti.

"Mama, wiki hii ndiyo kura."

"Najua. Nimekunja mashuka maisha yangu yote, kijikaratasi hakitanishinda."

"Usinitanie. Mimi nalipwa sawa na Gershon, anayelala chini ya mti halafu anasema anakagua mabomba."

"Gershon ni mvivu tangu azaliwe. Nguo zake hazina jasho, mimi ndiye nazifua."

"Sasa?"

"Sasa na yeye ana tumbo."

Dror alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hata vidole vya mkono havilingani, mama."

"Havilingani. Lakini vikiingia kwenye sahani vinaingia vyote."

"Mzee Menashe, mwambie."

"Nimwambie nini?" nikasema. "Mimi napiga hapana."

"Wewe hupiga hapana kwa kila kitu. Hata feni ya bwaloni uliipigia hapana."

"Na feni ikaanguka."

Hakucheka safari hii. Alishika kikombe cha mama yake akakizungusha mezani, na alipoanza kusema alikuwa anakiambia kile kikombe. "Ikipita hapana, sisi tunahama. Kuna kampuni Haifa imeniita. Einat amechoka kuomba kamati ruhusa ya kununua jokofu. Tutakwenda na watoto, mama. Sikutaka ulisikie ukumbini."

Einat ni mkewe. Watoto walikuwa wawili, wasichana, nao kila alasiri walikuja hapo kibarazani kwa bibi yao kula mkate uliopakwa jemu ya aprikoti. Bronka alikusanya makombo mezani kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza.

"Unanitisha, mwanangu?"

"Nakuambia tu."

Aliondoka. Samaki alibaki sahanini, na mimi si mtu wa kubakisha samaki.

Mabadiliko yalipita, kwa kura za kuhesabika. Siku ya kura nilikutana na Bronka akitoka bwaloni penye sanduku la kura, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Nimepiga ndiyo," akaniambia kabla sijamuuliza.

Nilichukia, na nilimwambia nimechukia. Nikamwambia wewe, kati ya watu wote.

"Dror nilishambeba nikamrudisha alipokuwa mdogo," akasema. "Siwezi kumrudisha mara ya pili."

Nilikwenda kupogoa mawaridi ambayo hayakuhitaji kupogolewa.

Ikatoka orodha ya kazi na bei zake. Juu kabisa meneja wa kiwanda, chini kabisa kufua. Mimi wa bustani na makaburi niliwekwa daraja moja juu ya Bronka, na sijui ni soko gani hilo linalojua bei ya kaburi. Siku ile alinipita njiani akanipigia saluti. "Shikamoo, mkubwa wangu," akasema. Tulicheka sote wawili, kisha nikaona aibu siku nzima. Haukupita muda chumba cha kufulia kikafungwa, nguo zikawa zinapelekwa kwa dobi wa mjini, naye akabaki na pensheni ya watu wa chini kabisa, inayotosha mkate na dawa ikiwa hutaugua sana.

Bwalo nalo likafungwa. Kila nyumba ikawa na jiko lake. "Zamani ulijua leo kuna nini kwa kusoma ubao," Bronka alikuwa akisema. "Siku hizi unajua nani ana nini kwa pua." Na ni kweli. Ukipita jioni njia ya juu, kwa kina Dror na Hanoch, nyama inachomwa. Njia ya chini, kwetu, ni kitunguu. Mtu aliyeishiwa alitakiwa kuandika maombi kwa mfuko wa kusaidiana, kamati ikae, impime. Bronka hakuandika. Dror alimletea bahasha, akamrudishia. Akamletea kuku, Bronka akampika mchuzi, akamwita yeye na wasichana wake wakala naye meza moja. Hivyo ndivyo alivyopokea kuku.

Kilichomvunja ni bwawa. Kijiji kililikodisha kwa mtu wa nje, akaweka uzio, miavuli na geti. Kiangazi kilipofika Bronka alishuka alasiri kama siku zote, gauni la bluu, taulo begani, nami nilikuwa hapo nje namwagilia miche. Getini alikaa binti wa mjini, mtoto mwenye adabu zake.

"Kadi yako, bibi?"

"Kadi ya nini?"

"Ya kuingia. Au unalipa hapa hapa, wazee wana punguzo."

"Siogelei, binti yangu. Naweka miguu tu."

"Hata miguu inalipiwa, bibi. Si mimi niliyepanga."

Nilitupa mpira wa maji chini nikaanza kwenda pale, nimwambie binti yule bwawa hili limejengwa na nini. Lakini Dror alinitangulia, anakuja na watoto na maboya yao. Akaona foleni, akamwona mama yake, akatoa pochi. Hakufanya kwa kiburi, naapa. Alifanya haraka, kwa upole, kama mtu anayemwokotea mwenzake kitu kilichoanguka.

"Huyu ni mama yangu," akamwambia binti. "Mhesabie kwangu."

Bronka alimtazama mwanawe. Akasema asante. Kisha akageuka akapanda kilima kurudi kwake, taulo begani, na tangu siku ile miguu yake haikuingia tena majini.

Jioni nilimpelekea nyanya. Alikuwa amekaa kibarazani, hajavua gauni la bluu.

"Nimekuwa chini ya mtu, Menashe," akasema. "Na mtu mwenyewe ni mwanangu. Tena mwema. Angekuwa mbaya ningemtukana."

"Nenda kwa mwenye geti. Mweleze."

"Nimweleze nini? Kwamba ni langu? Sikulitoa ili siku moja niseme ni langu." Akaichukua nyanya moja akaifuta kwa taulo. "Nisikilize. Kule juu makaburini mabadiliko yao hayajafika bado. Utanilaza karibu na Zeev, jiwe la kijivu, chini ya goti. Nipange sawa na watu. Hilo tu nalitaka, sina jingine. Umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia. Nikamwambia pia kwamba atanizika yeye, maana wanawake wa Poland hawafi. Akasema nikate kucha, naingiza udongo kwenye nyanya za watu.

Alikufa majira ya mvua, kwa kifua. Nilichimba mwenyewe, ingawa ilinichukua asubuhi nzima na mtu wa kunisaidia, maana udongo wetu ukilowa unashika koleo kama gundi. Hapa hatuna rabi. Mtu mmoja alisoma maneno machache, wasichana wa Dror wakalia, na waliolelewa kwenye bwawa lile walisimama kwenye mvua, wengine wametoka mbali. Hata Gershon alisimama. Nilikwisha kuliandaa jiwe, la kijivu, liko bandani kwangu chini ya turubai, nasubiri mwezi uishe, maana jiwe kwetu huwekwa siku ya thelathini.

Siku ya thelathini, kabla watu hawajaja, lilipanda lori kutoka mjini. Wakashusha marumaru nyeusi, iliyong'arishwa hadi unajiona usoni, inanifika kifuani, maandishi ya dhahabu. Mama mpendwa, na kadhalika. Dror alikuwa amesimama pembeni na koti zuri, macho yamevimba.

"Ondoa kitu hiki," nikamwambia. "Mama yako alisema jiwe la kijivu. Aliniambia mimi."

"Najua alichosema. Aliniambia na mimi."

"Na bado?"

"Na bado." Alivuta pumzi. "Mzee Menashe, unajua nililala chumba kimoja na watoto wangapi? Nikilia hakuja mama, alikuja mwenye zamu. Nguo zangu alifua yeye, lakini alifua na zako. Bwawa lilikuwa la mama yangu na sikuruhusiwa kulisema. Maisha yangu yote nimemgawana na ninyi. Niache basi. Mara moja tu nimpe mama yangu kitu ambacho si cha kijiji."

Nilikuwa na koleo mkononi na maneno mengi mdomoni. Nikakumbuka yale matope na miguu peku, nikayameza maneno. Bado nadhani alikosea. Nadhani alimfanyia mama yake jambo moja ambalo aliomba asifanyiwe. Lakini sikuweza kumwambia mtoto yule arudi kwenye nyumba ya watoto.

Nilikwenda ofisini hata hivyo, kwa sababu niliahidi. Siku hizi hakuna katibu, kuna meneja wa jumuiya, mwanamke mchangamfu mwenye simu mbili. Akaniambia kanuni ya mawe ni ya zamani. Jiwe sasa linalipiwa na familia, kwa hiyo familia inachagua. Akaniuliza kama nina jambo jingine. Sikuwa nalo.

Kwa hiyo likawekwa, kwa saruji, na watu wa lori. Jiwe langu la kijivu bado liko bandani, nanolea mikasi juu yake. Huko juu Bronka amesimama katikati ya mstari mzima wa mawe mafupi, unamwona tangu barabara kuu. Watu wakimtembelea huweka kijiwe juu ya kaburi, ndiyo desturi yetu, lakini marumaru ile imeinamishwa na inateleza, vijiwe vinaanguka. Nikipita naviokota naviweka kwa Zeev.

Wa kwanza akishavuka, wengine hawasubiri. Wa njia ya juu wameanza kuleta mawe ya mjini, yenye picha, yenye taa. Wa njia ya chini bado wananiletea mimi kazi, na wanaomba radhi wakiileta. Aliye juu mngoje chini, tulikuwa tukitaniana zamani, kwa sababu tulijua chini huko tutakutana sote sawa. Sasa utani huo siusikii tena.

Mwaka jana akafa Hanoch mhasibu. Wanawe walikuja kwanza na futi ya fundi, wakapima jiwe la Bronka, kisha wakamletea baba yao marumaru nyeupe inayolizidi kwa shibiri moja. Kwa hiyo sasa Bronka amelala juu ya mumewe na chini ya mhasibu.